Dirisha Nimelipia, Mlima Nimesimuliwa

Nchi hii kila kitu kinauzwa mara mbili. Ploti inauzwa mara mbili, hiyo tumezoea. Sasa hata kiti. Unakatiwa tiketi ya ndege, unatulia, unadhani mambo yameisha. Wapi! Hapo umelipiwa kubebwa tu. Mahali pa kuweka makalio ni hesabu ingine. Na makalio yakitaka kukaa dirishani, hiyo ni hesabu ya tatu. Mimi nauliza tu, hiyo tiketi ya kwanza ilikuwa ya nini? Ya kusimama na kushika chuma?

Huku Kawangware hatujui hayo. Unapanda matatu ya 46 tao, kiti kiko wazi, unakaa. Dirisha ni la aliyewahi. Konda hawezi kukuambia uongeze chapaa ndio uone Yaya Centre ikipita. Tena sisi wa 46 dirisha hatuligombanii sana. Dirishani ndipo simu hutokea. Unaongea na bibi yako vizuri kuhusu sukuma, mkono unaingia kutoka nje, simu inaenda, sikio linabaki hapo likingoja jibu. Mtu amelelewa na elimu hiyo, halafu unamwambia atoe pesa ndio akae dirishani. Si ni matusi?

Haya yote aliniletea mpwa wangu. Kijana wa dada yangu, yuko Doha, analinda mlango wa jumba ambalo yeye mwenyewe haruhusiwi kuingia. Akapata mchumba wa Kisauni. Harusi ikapangwa Mombasa. Akanipigia simu: "Anko, safari hii hupandi basi. Nakukatia ndege." Mimi nikajua ni mapenzi. Machozi yakanilenga. Baadaye dada yangu akanifafanulia kwamba siku ya mahari nilifika watu wakiosha sufuria, na kijana hataki aibu hiyo mbele ya Waswahili.

Nikamwambia hata treni ya Madaraka ni poa. Tangu 2017 watu wanaenda nayo, dirisha ni kubwa, inakata Tsavo katikati, ndovu unawaona ukila chapo yako. Akasema, "Anko, wewe treni itakuacha Mtito Andei ukinunua mahindi." Hiyo si heshima. Hata kama mahindi ya kuchoma ni mahindi ya kuchoma.

Basi tiketi ikaja kwa simu. Na chini yake maneno: chagua kiti chako. Nikafungua. Nikaona mchoro wa ndege imepasuliwa kutoka juu, viti vimepangwa kama trei ya mayai, vingine vya rangi hii, vingine rangi ile, kila rangi na bei yake. Simu yangu ina ufa kwa kioo. Ufa unapita katikati ya ndege. Sikujua kama ni njia ya kutembelea au ni ajali.

Nikapeleka swali kwa kioski. Lakini habari ilikuwa imefika kabla yangu, bibi yangu Mama Brayo alikuwa ameenda kununua chumvi.

Kinyozi wa pale Congo, hapa hapa Kawangware, akawa wa kwanza. Akasema nikae nyuma kabisa, kwa sababu kwa filamu ndege ikianguka wa nyuma ndio hubaki wakisimulia. Huyo ameona filamu nyingi. Konda wa 46 akasema, "Mzee, itisha pale mbele kwa dere. Hapo unaona kila kitu na dere anakupigia stori." Nikamwambia rubani hujifungia ndani. Akashtuka sana. Dere gani hujifungia? Anaogopa nini? Mama wa mboga akasema dirishani kuna upepo, kifua changu anakijua, nikae katikati nipashwe joto na watu wa pande zote mbili. Fundi wa viatu hakutoa ushauri. Aliuliza tu mpwa wangu anapata ngapi huko Doha, halafu akaniomba soo mbili.

Hapo nikaona mtaa wetu hauna mtu wa anga. Nikaenda Kibera.

Kibera kuna jamaa yangu, tunamwita Kapteni. Ana kibanda cha kutengeneza redio huko Laini Saba, karibu na reli. Ukipita Toi, ukateremka Makina, ukauliza Kapteni, watoto watakupeleka. Huyu mtu hajawahi kupanda ndege. Lakini zamani alifagia kwa hanga moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, na ndege ndogo za Wilson zinapita juu ya mabati ya mtaa huo mpaka kikombe kinatetemeka. Anazijua kwa sauti. Unaongea naye, anainua kidole, anakunyamazisha, anasikiliza. "Caravan hiyo. Imetoka Mara, imebeba watalii." Unatoka nje unaangalia, kweli ni kitu kidogo kina pangaboi moja puani. Nimewahi kumuuliza mbona hapandi hata siku moja. Akasema mtu akishapanda hawezi tena kuiona ndege.

Huyo huyo ndiye alinieleza kwamba Wilson ni mwanamke. Mimi miaka yote nilijua Wilson ni mzungu wa masharubu. Kumbe ni mama mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929, na uwanja ukapewa jina lake 1962. Kapteni akinieleza vitu hivi hunitazama kwa huruma. Mimi humwachia tu.

Nikamwonyesha simu. Akaona ufa, akatikisa kichwa, akairudisha. Akaitisha chai na mandazi kwa mama wa jirani, kwa hesabu yangu. Halafu darasa likaanza juu ya meza, katikati ya matumbo ya redio.

Akaweka kikombe hapa. "Hii Nairobi." Akaweka kopo la chumvi kule. "Hiyo Mombasa." Akachukua mandazi moja, ile kubwa, akaiweka kando, upande wa chini. "Huu ni Kilimanjaro. Uko Tanzania, lakini sisi ndio tunauonea dirishani. Sasa ndege inatoka kwa kikombe inaenda kwa chumvi, kusini mashariki. Mlima unakuwa mkono gani?"

Nikaangalia vizuri. Nikasema kushoto.

"Kulia, wewe!"

"Kushoto."

Tukabishana mpaka wateja wawili wakasimama kusikiza. Shida ni kwamba yeye alikaa upande ule wa meza na mimi upande huu. Kulia kwake ni kushoto kwangu, na hakuna kati yetu aliyekuwa ndani ya kikombe. Mwishowe Kapteni akainuka, akazunguka, akajipenyeza kwa benchi langu, tukakaa bega kwa bega tunaangalia chumvi. Akasema, "Sasa wewe ni abiria. Umetoka kwa kikombe. Unaangalia mbele. Geuka kulia, uambie watu umeona nini."

Nikageuka kulia. Hakukuwa na kitu. Mlima nilikuwa nimeula wakati wa mabishano. Kilimanjaro nzima, mita 5,895, mrefu kuliko milima yote ya Afrika, ukaisha na chai. Kapteni alikasirika sana. Akaitisha mandazi ingine. Kwa hesabu yangu.

Lakini lazima niseme ukweli, huyo mtu anajua. Akanipa elimu yote. Kwanza, herufi. Herufi huanzia mkono wa kushoto ukiwa umeangalia mbele. A ni dirisha la kushoto, F ni dirisha la kulia. Kwa ndege kubwa unapata A, B, C, njia, halafu D, E, F. Kwa zile Dash za pangaboi viti ni viwili viwili, A na C, halafu D na F. Nikauliza B ameenda wapi. Akasema B na E ni viti vya katikati, na kwa ndege hiyo hakuna katikati. Nikasikitika kidogo. Hata kwa alfabeti kuna watu huachwa steji.

Pili, bawa. Ndege za jeti hizi za abiria, bawa liko chini ya dirisha. Ukikalishwa juu yake utaangalia bati jeupe mpaka Mombasa. Kaa mbele ya bawa au nyuma kabisa. Dash nayo bawa liko juu ya kichwa chako, chini unaona kila kitu, ila usikae sambamba na injini, utaona pangaboi, na wakati wa kushuka utaona gurudumu likitoka tumboni mwa injini, na mtu wa kifua chako anaweza kudhani kitu kimeng'oka.

Tatu, wakati. Nenda asubuhi na mapema. Mlima ule hujifunika mawingu jua likishapanda. Halafu jua la asubuhi linakupiga upande wa kushoto, kwa hivyo kulia una mlima na una kivuli. Hapo ndipo nilimwelewa kabisa. Kivuli tunakijua. Hata kwa 46 mtu mzima huangalia kwanza jua liko wapi ndio akae.

"Na wa kushoto wanaona nini?" nikauliza. Akasema hawakosi kitu, kuna mwinuko wa Yatta, lava iliyoganda, inaenda kilomita karibu 300, moja ya zile ndefu zaidi duniani. Halafu akaongeza kwamba nikienda Kisumu nikae pia kulia, nitaona Longonot na shimo lake juu, na Ziwa Naivasha. Nikamwambia siendi Kisumu. Akasema hiyo amenipa bure.

Nikatoka hapo mimi ni mtu mwingine. Nikaenda moja kwa moja saiba moja kule Kawangware 56. Nikamwambia kijana, "Nataka F, mbele ya bawa, asubuhi." Kijana akaniangalia vizuri. Nadhani aliona mtu wa kusafirisafiri. Akabonyeza bonyeza. Akasema viti vya bure vimebaki vya katikati, huko karibu na choo. Vya dirishani ni vya kulipa. Akanitajia bei. Ilikuwa unga, sukari na sabuni ya wiki nzima, na tomato kidogo juu. Nikamuuliza kama wanakubali nusu sasa na nusu nikishaona mlima. Hawakubali.

F zote zilikuwa zimechukuliwa. Ikabaki moja. Safu ya kumi na moja. Wakati wote huu watu wamegombania za mbele na za nyuma, hiyo imekaa tu, safi, inaningoja. Kijana akasema, "Bahati yako, mzee." Nikasema Mungu hasahau wa kwake. Nikalipa.

Nyumbani Mama Brayo alihesabu pesa iliyobaki, akahesabu tena, akaniangalia. "Umelipa unga uangalie mlima?" Akanyoosha mkono ukutani, kwa ile kalenda ya duka la dawa. "Kilimanjaro si iko hapa, miezi yote kumi na mbili? Na hiyo 2020 ya korona si Mlima Kenya ulionekana mpaka kutoka tao, watu wakapiga picha, nani alilipishwa?" Kuna wanaume wanaoa wanawake, na kuna wanaume wanaoa mahakama. Nikalala mapema.

Safari yenyewe nilipanda 34 kukiwa na giza. Embakasi. Uwanja ule ulifunguliwa 1958 na ukapewa jina la Mzee Jomo Kenyatta 1978, hayo pia ni ya Kapteni. Ambacho hakuniambia ni mambo ya mshipi. Suruali yangu ya harusi ilitoka Doha. Saizi yake pia ilibaki Doha. Bila mshipi haikai. Afande akasema toa mshipi, weka kwa trei. Nikatoa, nikashika suruali kwa mkono. Akasema pita pale, inua mikono. Nikainua mmoja. Akasema yote, mzee. Nikamwonyesha kwa macho. Hakusoma macho. Laini nyuma yangu ni ndefu, watu wanapumua kwa nguvu, mtu anaangalia saa. Nikainua yote. Basi wakaona. Na haikuwa hata boxa yangu. Ilikuwa ya Brayo, iko na picha za magari. Viatu nilikuwa nimeshatoa, kidole gumba cha kushoto kimechungulia kwa soksi, nacho kinataka kujua kumetokea nini. Afande akasema kwa sauti ya chini, "Pole mzee, vaa." Angenitukana ningesahau. Hiyo pole ndiyo bado naisikia.

Ndani ya ndege nikahesabu safu. Kumi na moja. Nikafika. F ina mtu. Ni mtoto wa miaka kama mitano, mama yake yuko hapo E.

"Mzee, habari ya asubuhi. Mtoto amekaa hapo kidogo."

Nikasema nzuri, lakini hiyo ni yangu. Nikatoa karatasi ya kupandia. Mama akasema, "Ni mtoto tu." Nikasema hata mimi nilikuwa mtoto, na hakuna aliyenipa dirisha. Nyuma yangu watu wamesimama na mabegi. Mmoja akasema, "Mzee, si umwachie?" Nikamuuliza kama yeye ndiye alinunua unga. Mhudumu akaja, msichana wa sauti laini, akaangalia karatasi, akasema mzee ana haki yake. Mama akamwinua mtoto, akamkalisha D akiwa amenuna. Ndege nzima inaniangalia. Mtoto mwenyewe hakulia. Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi, akaangalia ukuta tena. Mtoto wa miaka mitano. Alijua.

Nikakaa. Nikafunga mkanda. Nikageuka kulia nianze kuona.

Ukuta.

Ukuta mweupe, msafi, wa plastiki. Dirisha moja liko mbele, kwa magoti ya mtu wa safu ya kumi. Lingine liko nyuma, kwa bega la mtu wa kumi na mbili. Hapa kwangu, hakuna. Nikaupapasa ule ukuta, pengine kuna pazia la kuvuta. Nikabonyeza kitu juu ya kichwa, pengine ndicho hufungua. Taa ikawaka, mhudumu akarudi.

"Dada, dirisha langu liko wapi?"

Akanieleza kwa upole kwamba kwa Boeing 737 za aina hii kuna mahali dirisha hurukwa, kwa sababu ndani ya ukuta kumepita mabomba ya hewa ya kupoza ndege.

"Kwa hivyo nimelipia bomba?"

"Umelipia kiti cha dirishani, mzee."

"Na dirisha?"

"Kiti kiko upande wa dirisha."

Sikiza hiyo lugha. Upande wa dirisha! Hata Kawangware yote iko upande wa Lavington. Umewahi kuona tukiletewa maji yao?

Tukaruka. Mimi na bomba langu. Baada ya muda rubani akaongea: wale walio upande wa kulia watazame nje, Kilimanjaro iko wazi kabisa leo. Ile ndege nzima ikasema "woooi." Watu wa kushoto wakasimama kuja upande wetu na simu. Mtu mmoja akaniegemea begani kupiga picha dirisha la kumi. Mimi nikaingiza uso kati ya kiti cha mbele na ukuta, pale pembamba, mpaka shavu likakunjika. Nikaona sikio. Sikio la mzee fulani, lina nywele. Nyuma ya sikio kulikuwa na kitu cheupe. Inaweza kuwa theluji ya Kibo. Inaweza kuwa kola ya shati lake. Nikageuka nyuma kujaribu lile dirisha la kumi na mbili, nikakutana uso kwa uso na mama anayetafuna karanga. "Unatafuta nini, baba?" Nikasema hakuna.

Yule mama wa mtoto akaniuliza kama nimeuona. Nikasema nimeuona. Akauliza ukoje. Nikasema ni mkubwa.

Harusini hakuna aliyeniuliza kuhusu bibi harusi. Wote ni mlima, mlima. Nikawaeleza. Nikawaambia una vilele, Kibo ule wa theluji na Mawenzi ule wa meno meno, na kwamba ile barafu imekuwa ikipungua kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa hivyo anayetaka kuiona aharakishe. Yote ya Kapteni. Wazee wa Kisauni wakanisogezea sinia la pilau. Mpwa wangu akasema, "Si unaona, anko? Ndege ni ndege." Nikala nikanyamaza.

Kurudi, mlima unahamia kushoto, kwa hivyo unataka A. Nikalipa tena. Mama Brayo hajui, na wewe nyamaza. Safari hii nilimpigia mtu wa tiketi, nikamuuliza mara kadhaa: hicho kiti kina dirisha? Dirisha la kioo? Naweza kuona nje kwa macho yangu? Alikata simu, lakini nilikuta dirisha liko. Tatizo ni kwamba lilikuwa limetoboka. Chini kabisa kuna katundu kadogo. Mimi nikajua sasa ndio mwisho wetu. Nikakaziba kwa kidole. Tumeruka, nimeziba. Soda imekuja, nimekunywa kwa mkono wa kushoto. Nimeziba mpaka karibu na Voi, kidole kimekufa ganzi, ndipo dada aliyekaa kando yangu akaniuliza kama niko sawa. Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akafuta macho. Kumbe kioo cha ndege kina tabaka kadhaa, na hako katundu huwekwa makusudi kwa tabaka la katikati, kasawazishe presha na kuzuia ukungu. Nilikuwa nimekaa nikiokoa watu wazima bila ruhusa.

Na mlima? Ilikuwa alasiri. Tiketi ya asubuhi ilikuwa ghali. Rubani akasema walio kushoto, Kilimanjaro iko pale, ndani ya yale mawingu. Nikaangalia mawingu. Mawingu mazuri, sina shida nayo. Lakini mawingu Kawangware yako.

Tukikaribia Nairobi, yule dada akaniegemea na simu yake. "Ile mabati pale ni Kibera?" Alitoka Ulaya kutembea, ameishi huko miaka mingi. Nikaangalia chini. Mabati ni mabati. Nikasema ndiyo, Kibera, na pale nyuma kidogo ni Kawangware, ile nyumba yenye tairi juu ya paa ni yangu. Akarekodi yote na sauti yangu ndani. Nilipomsimulia Kapteni, akaniuliza ndege ilikuwa imeinama vipi, jua liko wapi, akachora na msumari, akasema hapo ilikuwa Kitengela. Basi huko Ulaya sasa wanajua naishi Kitengela na ninaiita Kibera. Sitahangaika kurekebisha.

Lakini kuna kitu kimeniudhi tangu siku hiyo. Mimi nikitaka kuangalia mlima, nalipa. Mlima wenyewe haujui, haupati hata ndururu. Lakini sisi tunaangaliwa kila siku. Kila Caravan inayoshuka Wilson ina watu wamebandika nyuso dirishani, wanapiga picha mabati yetu, nguo zetu kwa kamba, Kapteni akiwa amesimama nje ameinua kidole. Wao wamelipia dirisha, na sisi ndio tuko ndani yake. Gawio letu liko wapi? Nimemwambia Kapteni tuandike nambari ya kulipia kwa simu juu ya bati, kwa rangi nyeupe, maandishi makubwa. Anasema wakipita kwa mwendo ule hawatamaliza kusoma. Anatafuta rangi lakini.

Wewe ukipata safari, shika haya na usiniulize tena. Mombasa kwenda, F. Kurudi, A. Iwe asubuhi, na ukae mbali na bawa. Ukiona kiti cha dirishani kimeachwa peke yake na watu wote, jua kuna mtu alikikalia kabla yako. Vaa suruali inayojishikilia yenyewe. Na ukinikuta siku moja nimekaa dirishani, dirisha la kweli lenye kioo, tafadhali usiniombe nimpishe mtoto wako. Mtoto ana miaka mingi ya kuona mlima. Mimi bado nadaiwa unga.